Sura ya Sita: Umri wa Kiungo cha Gundi

Kiungo cha metali kilichounganishwa kwa gundi huulizwa maswali mawili. La kwanza ni mzigo gani kitabeba leo. La pili ni mzigo gani kitabeba baada ya miaka ishirini ya mvua, jua, mtikisiko na chumvi. Swali la kwanza hujibiwa kwa dakika chache kwenye mashine ya kuvuta. La pili ndilo gumu, na ndilo linaloamua kama ndege, gari au behewa vitaaminiwa. Uzoefu wa miongo mingi umeonyesha kwamba jibu la kwanza halitoshi kukisia la pili. Viungo viwili vinaweza kukatika kwa mzigo uleule siku vilipotengenezwa, kisha kimoja kikadumu maisha yote ya chombo na kingine kikaachia baada ya masika mawili.

Hata hivyo gundi inatumiwa, na sababu zake ni nzito. Ribiti na bolti huhitaji matundu, na mkazo hujikusanya ukingoni mwa kila tundu. Huko ndiko nyufa nyingi za uchovu wa metali huanzia. Kuchomelea nako huyeyusha metali na kuidhoofisha karibu na mshono. Gundi huutandaza mzigo kwenye eneo la kiungo, huziba upenyo wa maji na hewa, na hutenganisha metali za aina mbili ambazo zingegusana zingelana. Mabati membamba yasiyostahimili moto wa kuchomelea huungana kwa gundi bila kupindika. Gari la Lotus Elise, lililotoka mwaka 1996, lilijengwa juu ya fremu ya alumini iliyounganishwa kwa epoksi, na leo magari mengi ya kawaida yana mistari ya gundi ndani ya bodi zao.

Gundi na upimaji katika Southwark

Peckham, kusini mashariki mwa London, ni sehemu ya halmashauri ya Southwark, eneo lenye historia ya gundi na pia ya kupima uimara wa vitu. Kwenye barabara ya Southampton Way, upande ambao Peckham inapakana na Camberwell, palikuwa na kiwanda cha Samuel Jones kilichotengeneza karatasi zenye gundi, maarufu kwa alama yake ya kipepeo. Kiwanda kimekwisha kubomolewa, lakini picha kubwa ya vigae ya kipepeo huyo ilihamishwa na bado iko kwenye ukuta wa jengo la Wells Way. Gundi ya karatasi za namna hiyo huamshwa na maji: ikilowanishwa hushika, na ikilowanishwa tena huachia. Kwa bahasha na stempu tabia hiyo ni faida. Kwenye metali, kuachia kwa sababu ya maji ndiyo hatari kuu, na sehemu kubwa ya sura hii inahusu namna ya kuigundua mapema.

Kilomita chache kaskazini, katika jengo namba 99 la Southwark Street, David Kirkaldy alifungua maabara yake ya kupima vifaa vya ujenzi mwaka 1874. Mashine aliyoibuni ilitengenezwa Leeds. Ina urefu wa zaidi ya mita 14, uzito wa takriban tani 116, na huendeshwa kwa shinikizo la maji. Vipande vya daraja la Tay la Scotland, lililoporomoka mwaka 1879 treni ikiwa juu yake, vilipimwa hapo. Juu ya mlango Kirkaldy aliandikisha kauli inayosema kwamba kinachotakiwa ni ukweli, si maoni. Jengo hilo sasa ni makumbusho, na mashine ingali mahali pake.

Kirkaldy hakuridhika na tarakimu ya mzigo uliovunja kipande. Alichunguza pia sura ya mahali palipovunjika, akaandika ilivyo, na ghorofani mwa jengo hilo akaweka mkusanyo wa vipande vilivyovunjika. Alipima chuma, si gundi, lakini desturi yake ndiyo msingi wa kupima viungo vya gundi: tarakimu husema kiungo kimekatika lini, na uso uliovunjika husema kwa nini.

Kipimo cha siku ya kwanza

Gundi ya kisasa ya metali ilianza Duxford, karibu na Cambridge, katika kampuni ya Aero Research iliyoanzishwa na Norman de Bruyne. Mwaka 1941 kampuni hiyo ilitoa Redux, mchanganyiko wa gundi ya fenoli na unga wa plastiki, unaoivishwa kwa joto na shinikizo. Ndege ya de Havilland Hornet na baadaye Dove ziliitumia, na kutoka hapo ikaenea katika usafiri wa anga.

Kipimo kilichozoeleka tangu enzi hizo ni cha vipande viwili vilivyopandana. Mabati mawili yenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 1.6 hupandanishwa kwa milimita 12.5 tu, hugundishwa, kisha huvutwa mpaka yaachane. Mzigo wa mwisho hugawanywa kwa eneo la gundi, na tarakimu inayopatikana huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa.

Tarakimu hiyo ni wastani, na wastani huo unaficha mambo. Olaf Volkersen nchini Ujerumani, mwaka 1938, alionyesha kwa hesabu kwamba mkazo ndani ya gundi haulingani: huwa mkubwa kwenye ncha mbili za mpandano na hupungua katikati. Mwaka 1944, Goland na Reissner wa Marekani waliongeza kwamba mabati yaliyopandana hujipinda yanapovutwa, na kupinda huko huleta nguvu ya kubandua kwenye ncha zilezile. Kwa hiyo kipande cha bati nene hutoa jibu tofauti na cha bati jembamba hata kama gundi ni moja. Kwa suala la umri, jambo kubwa zaidi ni kwamba ncha zinazobeba mkazo mwingi ndizo zilizo wazi kwa hewa, na ndizo maji huziingia kwanza. Mkazo na maji hukutana mahali pamoja.

Kazi ya maji

Gundi zote za metali hunywa maji, nyingine kidogo sana na nyingine kufikia asilimia kadhaa ya uzito wake. Maji hayo huleta madhara kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuilainisha gundi yenyewe. Molekuli za maji hukaa kati ya minyororo ya plastiki na kuilegeza, hivyo joto ambalo gundi huanza kulegea hushuka. Madhara haya kwa kawaida hurudi nyuma kiungo kikikauka.

Njia ya pili ni kuiondoa gundi kwenye uso wa metali. Alumini na chuma havigusani na gundi moja kwa moja, kwa sababu daima vimefunikwa na utando mwembamba wa oksidi, na oksidi hupenda maji kuliko inavyopenda gundi. Gledhill na Kinloch walilipima jambo hili mwaka 1974. Kwa epoksi juu ya oksidi ya chuma, nishati inayohitajika kutenganisha uso ulio mkavu ni takriban milijuli 291 kwa kila mita ya mraba. Palipo na maji, hesabu huwa hasi 255. Alama ya hasi ina maana kwamba kutengana ndiyo hali ya utulivu: maji yakifika kwenye mpaka, gundi inayoshikilia oksidi tupu kwa mvutano wa kawaida wa molekuli itaachia yenyewe. Kwa oksidi ya alumini tarakimu ni 232 pakavu na hasi 137 penye maji.

Njia ya tatu ni kuibadilisha oksidi. Utando wa alumini ukipata maji na joto hugeuka kuwa oksidi yenye maji ndani yake, iliyovimba na dhaifu, inayoshikamana vibaya na metali iliyo chini. Gundi hapo inaweza kuwa nzima kabisa, lakini imeshikilia gamba lisiloshikilia kitu. Chumvi ikiongezeka, ulikaji hutambaa chini ya gundi kuanzia ukingoni. Madhara ya njia hizi mbili za mwisho hayarudi nyuma hata kiungo kikikaushwa.

Majaribio mengi yameonyesha kwamba viungo vilivyo katika hewa yenye unyevu wa chini ya takriban asilimia 60 hudumu miaka mingi bila kudhoofika sana, na kwamba juu ya kiwango hicho hali hubadilika. London ina unyevu mwingi lakini joto lake ni dogo, hivyo maji husafiri polepole ndani ya gundi. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zina unyevu, joto na chumvi ya bahari kwa pamoja, na kiungo kinachodumu Peckham hakijathibitishwa kwa sababu hiyo kuwa kitadumu Kizimkazi au Kilindini.

Uso kabla ya gundi

Kwa kuwa maji hushambulia mpaka wa gundi na metali, maandalizi ya uso ndiyo huamua umri. Kusugua kwa msasa na kupangusa kwa kiyeyushi huondoa mafuta na uchafu, na hutoa kiungo chenye nguvu nzuri siku ya kwanza. Hakubadilishi aina ya oksidi, na viungo vya namna hiyo ndivyo hubanduka mapema penye unyevu.

Njia bora kwa alumini ni kuizamisha katika asidi huku umeme ukipitishwa, ili oksidi mpya iote juu yake kwa mpango. Mwaka 1923, Bengough na Stuart wa Uingereza walianzisha matumizi ya asidi ya kromiki kwa kazi ya kuzuia kutu, na viwanda vya ndege vya Ulaya vikaichukua kuwa maandalizi ya gundi. Katika miaka ya 1970 Boeing ilianza kutumia asidi ya fosforiki. Oksidi inayoota humo ina vinyweleo vidogo mno ambamo gundi, au praima (tabaka jembamba la awali linalotangulia gundi), huingia na kujikita, na fosfati iliyobaki juu yake huichelewesha isigeuzwe na maji. Kromati ni sumu inayosababisha saratani, na sheria za Ulaya zimebana matumizi yake. Kwa hiyo njia mbadala, kama kupuliza chembe ngumu kisha kupaka sileni inayofunga oksidi na gundi kwa kemia, zinachunguzwa na kutumiwa zaidi.

Praima hupakwa mara moja baada ya maandalizi. Uso ulioandaliwa vizuri ukiachwa wazi, au ukiguswa kwa kidole kitupu, huanza kuharibika kabla gundi haijafika.

Vipimo vya umri

Kipimo rahisi kuliko vyote ni kuzamisha sampuli kwenye maji, au kuziweka katika chumba chenye joto na unyevu uliojaa, kisha kuzitoa kwa makundi baada ya wiki na miezi na kuzivuta. Mchoro wa nguvu iliyobaki dhidi ya muda huonyesha mteremko. Ukungu wa chumvi, kwa kawaida maji yenye asilimia 5 ya chumvi katika nyuzi 35 za Selsiasi, huongeza ulikaji. Kasoro ya vipimo hivi ni kwamba sampuli zinakaa bila mzigo, ilhali kiungo kilicho kazini kimebeba.

Kundi la pili hurekebisha kasoro hiyo. Sampuli hufungwa kwenye springi inayoivuta bila kukoma ikiwa ndani ya unyevu, na kinachoandikwa ni muda mpaka ikatike. Mzigo hufungua njia kwa maji na maji hupunguza uwezo wa kubeba mzigo, hivyo sampuli zilizoonekana salama zikiwa zimelala huweza kukatika upesi zikiwa zimebebeshwa. Vipande vya namna moja vikipimwa kwa mizigo tofauti, hupatikana mstari unaoonyesha mzigo ambao chini yake kiungo hakikatiki ndani ya muda wa jaribio.

Kipimo cha tatu ni cha kabari. Boeing ilikisitawisha katika miaka ya 1970, baada ya viungo vilivyofaulu kipimo cha kuvuta kubanduka vikiwa kazini. Mabati mawili ya alumini yenye unene wa takriban milimita 3 na urefu wa milimita 150 hugundishwa, kisha kabari ya chuma hupigwa kwenye ncha moja. Ufa hufunguka na kusimama. Mahali uliposimama hutiwa alama, na sampuli huingizwa katika chumba chenye nyuzi 50 na hewa iliyojaa unyevu. Ufa hupimwa baada ya saa moja, baada ya siku moja, na kuendelea. Uso ulioandaliwa vizuri hukubali ufa usogee kidogo tu, na huo hupita ndani ya gundi. Uso ulioandaliwa vibaya huachia kwa haraka, na metali hubaki tupu.

Thamani ya kabari iko katika mahali inapoelekeza nguvu. Inabandua badala ya kutelezesha, hukaa imebana muda wote, na huyaleta maji kwenye ncha ya ufa, penye mkazo mkubwa kuliko kote. Ni kipimo cha uso kuliko cha gundi. Haitoi tarakimu ya kuhesabia mzigo wa ndege, lakini hutofautisha maandalizi mazuri na mabaya ndani ya siku mbili, jambo ambalo kipimo cha kuvuta hushindwa kulifanya kwa miezi. Pia ni cha bei nafuu: gereji iliyo chini ya matao ya reli ya Peckham au karakana ya Gerezani, Dar es Salaam, inaweza kukifanya kwa vipande vya alumini, kabari na beseni la maji ya moto.

Kundi la nne ni la mizigo inayorudiarudia. Kasi ya kurudia ina uzito hapa. Mzigo ukipigwa haraka mno, gundi haipati muda wa kutambaa, yaani kunyooka polepole chini ya mzigo, wala maji hayapati muda wa kuingia, na matokeo huwa mazuri kuliko ukweli. Mradi wa PABST wa jeshi la anga la Marekani, uliofanywa na kampuni ya Douglas katika miaka ya 1970, ulionyesha umuhimu wa kurudia mzigo polepole katika joto na unyevu. Ulionyesha pia kwamba kiungo chenye mpandano mrefu hudumu kuliko sampuli fupi ya maabara, kwa sababu sehemu yake ya katikati, isiyobeba mkazo mkubwa, hukizuia kisitambae.

Kundi la mwisho ni la kuziacha sampuli nje kwa miaka. Maabara za Uingereza na Australia ziliweka viungo huko Queensland: Innisfail penye joto na mvua nyingi, na Cloncurry penye joto kavu. Penye joto na mvua ndipo viungo vilipoumia zaidi. Majaribio haya ni ya polepole, lakini bila hayo hakuna kinachoweza kuhakikisha kwamba chumba cha maabara kinasema kweli.

Kuharakisha bila kupotosha

Hakuna kiwanda kinachoweza kungoja miaka ishirini, kwa hiyo maabara hupandisha joto. Mwendo wa maji na wa mabadiliko ya kikemia huongezeka joto linapopanda, na wahandisi hutumia mlingano wa Arrhenius kukadiria muda wa kawaida kutokana na muda uliofupishwa. Njia hii ina mpaka. Epoksi nyingi zinazokauka katika joto la kawaida la chumba huanza kulegea kati ya nyuzi 50 na 60, na chini zaidi zikilowa. Zikipimwa kwa nyuzi 70 zitavunjika kwa namna isiyotokea kazini, na hesabu yoyote itakayofuata itapotosha. Hata hivyo bati jeusi lililo juani huweza kufikia joto hilo. Hapo kosa liko katika kuchagua gundi.

Ukubwa wa kiungo nao huingia kwenye hesabu. Muda wa maji kupenya huongezeka kwa mraba wa umbali. Kiungo kipana mara tatu kuliko sampuli huchukua muda wa takriban mara tisa kulowa mpaka katikati, mradi maji yapite ndani ya gundi tu. Yakipata njia ya mkato kwenye mpaka ulioachia, hesabu hiyo haifai tena.

Kusoma uso uliovunjika

Baada ya kila jaribio, nyuso mbili huangaliwa kwa jicho, kisha kwa darubini. Gundi ikibaki pande zote mbili, mvunjiko umepita ndani yake: kiungo kimetumia uwezo wote wa gundi, na maandalizi yalikuwa sahihi. Upande mmoja ukibaki metali tupu, mpaka umeachia. Mchanganyiko wa hali hizo mbili hupimwa kwa asilimia ya eneo.

Ripoti isiyo na maelezo haya ni pungufu. Sampuli iliyopoteza asilimia 10 tu ya nguvu lakini imeanza kuonyesha metali tupu kingoni iko katika hali mbaya kuliko iliyopoteza asilimia 20 kwa gundi kulainika, kwa kuwa ya kwanza itaendelea kuachia na ya pili kwa kawaida itatulia.

Uchunguzi huu una uzito zaidi kwa sababu kiungo kilichokamilika hakiwezi kukaguliwa nguvu yake bila kukivunja. Kugonga kwa sarafu na mawimbi ya sauti hugundua mapengo. Njia hizo hazigundui sehemu ambapo gundi imegusa metali bila kuishika. Viwanda vya ndege kwa hiyo hutengeneza sampuli za kabari pamoja na sehemu halisi, katika asidi ileile na siku ileile, na kuzivunja badala yake.

Ushahidi wa angani

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, aina ya Comet ilianza safari ya kwanza ya abiria kwa jeti, kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Mwili wake ulitumia Redux kwa wingi. Ndege hiyohiyo ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954. Huko Farnborough, Comet nyingine ilitumbukizwa ndani ya tangi la maji na kujazwa shinikizo tena na tena mpaka ikapasuka, baada ya mizunguko 3,057 pamoja na ile iliyokwisha kuruka. Uchunguzi uliona uchovu wa metali. Gundi haikuwa chanzo. Ndege za Fokker F27, zilizotumiwa na mashirika mengi likiwemo East African Airways, zilijengwa kwa gundi ya metali kwa kiasi kikubwa na kuruka kwa miongo.

Mfano wa kushindwa ulitokea Hawaii tarehe 28 Aprili 1988. Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyokuwa imeruka safari fupifupi 89,680 kati ya visiwa vya bahari yenye chumvi, ilipasuka sehemu kubwa ya paa ikiwa angani. Mhudumu mmoja alipoteza maisha na watu 65 walijeruhiwa. Mishono ya ndege za mwanzo za aina hiyo iligundishwa kwa epoksi ya kukauka bila joto, na ikaachia kwa unyevu na ulikaji. Mzigo wote ukahamia kwenye ribiti, na nyufa za uchovu zikaota tundu hadi tundu mpaka zikaungana. Ndege ilipotoka kiwandani mwaka 1969 mishono hiyo ilikuwa na nguvu ya kutosha.

Kwa hiyo jaribio linalostahili kuaminiwa huunganisha mambo manne: mzigo usiokoma au unaorudiarudia polepole, maji, joto lisilovuka mpaka wa gundi, na usomaji wa nyuso zilizovunjika. Mtengenezaji yeyote anayenunua gundi kwa ajili ya metali na aombe matokeo ya kabari katika unyevu pamoja na tarakimu ya kuvuta, na afanye kabari yake mwenyewe kwa maandalizi atakayoyatumia karakanani. Karatasi ya bidhaa huielezea gundi. Umri wa kiungo huamuliwa na uso ulioandaliwa kabla gundi haijapakwa, na hilo halijulikani mpaka lipimwe.